Walipoondoa Ukungu

Gemu limerudi, Mchopa.
Limeoshwa, limepigwa pasi, limeachiwa jina lilelile
na neno moja ubavuni: Upya.
Nimelishusha kwa bando la usiku,
asilimia moja, moja, moja,
kama anayechota kwa kopo lililotoboka.

Unakumbuka kwa Chingwaru, nyuma ya ghala la korosho:
televisheni ya inchi kumi na nne,
jenereta ikikohoa uani,
saa ya mezani yenye jogoo.
Shilingi mia, dakika kumi,
na jogoo hakujua huruma.
Padi ya kwanza ilikuwa yako.
Ya pili, yangu, kitufe cha kuruka kilikufa mapema,
kwa hiyo miaka miwili mizima mimi sikuruka.
Kila penye shimo ulitangulia, ukageuka, ukanielekeza:
"Zunguka kushoto, mzito wewe, kuna njia ya chini."

Na ule ukungu.
Hatua kumi mbele ya bunduki dunia iliisha,
nyeupe, kama asubuhi ya Juni pale Shimo la Mungu,
unajua bonde lipo, Ruvuma upo,
ng'ambo ipo,
ila macho yanagoma.
Maadui walichomoka humo, sura za mraba,
midomo kama ya kinyago ambacho fundi
ameitwa kula kabla hajamaliza.
Tuliamini ni ujanja wa kututisha.
Kumbe, nimesoma juzi, mashine ilikuwa maskini tu.
Haikumudu kuchora cha mbali,
ikakifunika.

Sasa wameuondoa.
Naona hadi mwisho wa ramani.
Maji yanameta mabombani, masafi, ya bure,
na hapa Newala ndoo ni mia tano na foleni juu.
Maadui wana vinyweleo. Mmoja alikuwa na jasho
juu ya mdomo; nikamtazama,
nikachelewa, akaniua.
Na kule mbali, kulikotutia baridi mgongoni,
hakuna kitu.
Ukuta. Makontena mawili. Anga la kubandikwa.

Sauti nayo wameitengeneza.
Zamani risasi ilikuwa "ta", kama korosho motoni.
Sasa inaanzia sikioni, inakwenda, inapiga mlima,
inarudi ikiwa nzito kuliko ilivyoondoka.
Nilishusha sauti. Mikono yangu ilishusha, si mimi.
Ulivuka mto kufuata rubi, ukasema miezi mitatu.
Halafu habari za huko zikaanza kuja
zimebebwa na watu wenye magodoro kichwani,
nami nikapiga simu yako,
ikaita mara mbili,
akapokea dada wa mtandao, kwa Kireno.
Mpaka leo anapokea yeye.
Sauti yake nzuri. Sijui anasemaje.

Kuna kitufe, wenyewe wamekiweka:
ukikibonyeza, ya zamani yote yanarudi,
sura za mraba, rangi ya tope, ukungu.
Nilikibonyeza darajani,
pale penye shimo la kwanza.
Mpwa wangu Nasma, miaka tisa, ndiye ana padi ya pili,
akaguna: "Anko, umeharibu! Sasa hatuoni."
"Hatuoni," nikamwambia. "Ndivyo linavyochezwa."

Akanitazama kama watoto wanavyotazama
mtu mzima anayekula ganda akaacha tunda.
Kisha akaruka.
Padi yake vitufe vyote vizima.
Akatua ng'ambo, akakimbia, hatua nane, tisa,
weupe ukammeza.

"Anko, ruka basi!"

Nami, na kitufe kizima chini ya kidole,
nilikuwa nimeshageukia kushoto,
naitafuta njia ya chini.